Husuni Kubwa: kasri lililotolewa baharini

Pima upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya kale ya pwani yetu, iwe Lamu, Unguja au Kilwa, na mara nyingi kipimo kitaishia kati ya mita mbili na nusu na mita tatu. Urefu wa chumba waweza kwenda utakavyo, lakini upana hauendi. Dari la nyumba hizo lilibebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti ikakaa sakafu nene ya mawe na chokaa. Boriti iliyonyooka, yenye unene wa kubeba uzito huo, haivuki pengo kubwa zaidi ya hapo bila kupinda. Kwa hiyo fundi alianza na mti aliokuwa nao, kisha akaupangia kuta.

Kasri la Husuni Kubwa katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani ndipo mafundi wa pwani walipojaribu, kwa ujasiri ambao sijauona kwingine, kutoka katika kifungo hicho cha boriti. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala takribani kuanzia 1310 hadi 1333. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua kubwa, bwawa la kuogea lenye pembe nane, na ngazi ya kushukia baharini. Halikukamilika. Hilo la mwisho, ambalo waongozaji hulisema kwa sauti ya huzuni, mimi naliona kuwa bahati yetu kubwa. Nyumba iliyokamilika huficha kazi ya fundi chini ya lipu. Hapa kazi iliachwa wazi, na mwenye kutaka kujua jinsi Waswahili walivyojenga anaweza kuisoma hatua kwa hatua.

Na ni lazima tuisome ukutani, kwa kuwa pengine hakuna pa kuisoma. Linganisha na Korea: watu wengi wa Mbagala na Mwananyamala, Dar es Salaam, wanayajua makasri ya huko kwa sura, tangu tamthilia ya Kikorea ya Jumong ilipoingia majumbani mwetu. Anayefika Seoul huoneshwa Gyeongbokgung, kasri lililojengwa 1395, likateketea 1592, likajengwa upya katika miaka ya 1860. Watawala wa huko walikuwa na desturi ya kuandika kazi zao. Ngome ya Hwaseong katika mji wa Suwon, iliyomalizika 1796, ina kitabu chake kilichochapishwa 1801, chenye michoro, vifaa, majina ya mafundi na ujira wao. Ngome hiyo ilipotengenezwa katika miaka ya 1970, mafundi walikifuata kitabu hicho. Kilwa haina kitu cha namna hiyo. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331, akamkuta Sultani huyu huyu na kumsifu kwa ukarimu wake, lakini juu ya ujenzi alisema tu kwamba mji ulikuwa mzuri, umejengwa kwa mbao na kuezekwa kwa majani. Kasri hakulitaja. Tarihi ya Kilwa nayo ilishughulika na nasaba na ugomvi wa watawala. Maandishi yaliyopatikana kwenye kasri lenyewe yanatupa jina la mjenzi na cheo chake, al-Malik al-Mansur, wala hayatuelezi ukuta ulisimamishwaje.

Aliyelifukua na kulipima jengo hili ni Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kale wa Tanganyika kabla ya kuongoza taasisi ya utafiti ya Waingereza katika Afrika Mashariki. Kitabu chake juu ya Kilwa kilitoka 1974, juzuu mbili, na ramani zake bado ndizo msingi wa kila anayelichambua kasri hili. Mwenzake Peter Garlake alikuwa ameshatoa mwaka 1966 kitabu juu ya usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani hii, chenye michoro ya hali ya juu. Mengi ninayoyaeleza hapa yanasimama juu ya vipimo vya watu hao.

Tuanze na mawe, na kwa mawe hakuna haja ya kwenda Kilwa. Nenda Kunduchi, katika Kinondoni, Dar es Salaam. Pale pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Sogelea ukuta uliokatika, uangalie moyo wake. Utaona mawe yasiyo na umbo, yenye matundu matundu, ya kijivu kwa nje na meupe ndani, yamezama katika chokaa. Ni mwamba wa matumbawe ya zamani, uliokuwa chini ya bahari na sasa uko nchi kavu. Ukanda huo wa mwamba ndio uliowapa watu wa Mtongani kazi ya kuchimba mawe na kugonga kokoto kwa nyundo. Jirani na hapo, Wazo, kiwanda cha saruji kimekuwa kikisaga mawe ya asili hiyo hiyo tangu 1966. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, pamoja na kibanda cha tofali kule Chamazi, zimetoka baharini sawasawa na kasri la Sultani. Kilichobadilika ni moto. Saruji hupikwa kwa joto la karibu nyuzi 1,450 za Selsiasi, na chokaa hutosheka na nyuzi 900 hivi, joto ambalo fundi wa karne ya 14 angelipata kwa magogo.

Mafundi wa Kilwa waliyatumia matumbawe kwa namna tatu, na kuzitofautisha ndiyo hatua ya kwanza ya kusoma ukuta wao. Mwamba wa nchi kavu ulichimbwa karibu na jengo, ukavunjwa vipande vya kubebeka kwa mkono, ukawa mwili wa ukuta. Ni mgumu, lakini haukubali kuchongwa vizuri kwa sababu ya matundu yake. Kwa kazi ya urembo na ya usahihi, yaani miimo ya milango, matao, mihrabu na zidaka, walizamia tumbawe hai lenye chembe ndogo zilizoshikana sawasawa. Hilo likitoka majini huwa laini, linakatika kwa msumeno na kuchongwa kwa tezo. Likikauka hugeuka jiwe. Fundi alikuwa na muda maalumu wa kulichonga, na kazi ya mzamiaji ilibidi ilingane na kazi ya mchongaji: ukizamia mengi mno yatakukaukia, ukizamia machache mchongaji atakaa bure. Anayesimama mbele ya mwimo wa mlango wa Kilwa, kingo zake zingali kali baada ya karne saba, anaangalia pia ratiba ya kazi iliyopangwa kwa akili.

Namna ya tatu ni chokaa yenyewe. Hadi siku za karibuni watu wa pwani wameendelea kuichoma kwa njia ambayo haina sababu ya kuwa imebadilika sana: magogo hupangwa kwa duara, safu juu ya safu, matumbawe yanawekwa juu, na moto unawashwa kutokea katikati ili uwake sawa. Moto ukizimika hubaki majivu na mawe meupe mepesi; mawe hayo yanaachwa yapate umande na mvua, au yanamwagiwa maji, hadi yavunjike kuwa unga. Chokaa ikishazimwa inachanganywa na mchanga. Sehemu ngumu ya kazi hii ni kuni. Kasri lenye vyumba zaidi ya 100, kuta nene, sakafu za chokaa na lipu pande zote lilimeza chokaa nyingi mno, na nyuma ya kila rundo la chokaa kulikuwa na msitu uliokatwa na watu walioubeba. Nikiulizwa gharama kubwa ya Husuni Kubwa ilikuwa wapi, sitataja uchongaji wala vyombo vya kigeni. Nitataja kuni.

Sasa ukuta. Tazama kuta za Husuni asubuhi au jioni, jua likiwa chini na mwanga ukipita kando ya uso wa ukuta badala ya kuupiga usoni. Palipobanduka lipu utaona mistari ya mlalo, hafifu. Hiyo ni mipaka ya kazi. Ukuta ulipandishwa kwa vimo: mawe makubwa yenye uso ulio sawa kidogo yaliwekwa pande mbili, katikati pakajazwa vipande vidogo na chokaa, kisha kazi ikasimama mpaka kimo hicho kishike. Chokaa haina haraka ya saruji. Hukauka kwa kurudisha hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, na ndani ya ukuta mnene jambo hilo huchukua muda mrefu. Fundi anayelazimisha kimo kipya juu ya kimo kibichi ataukuta ukuta umetoka tumbo. Ndiyo maana jengo kubwa hivi linapaswa kuwazwa likiwa na makundi mengi ya mafundi wanaohama kutoka chumba kimoja kwenda kingine, wakirudi pale pa kwanza pakiwa pamekauka. Mpangilio wa kasri, vyumba vilivyoshikana kwa safu kuzunguka nyua, unawezesha kazi ya namna hiyo.

Juu ya kuta ndipo ubishi na boriti ulipoanza. Sehemu kubwa ya kasri ilifunikwa kwa njia iliyozoeleka, boriti na sakafu, na boriti hazikuwa mbali: delta ya Rufiji, yenye misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika Afrika Mashariki, iko kaskazini mwa Kilwa, na miti yake ilikuja kusafirishwa hadi Omani na Ghuba. Lakini baadhi ya vyumba vya Husuni vilifunikwa kwa kuba, na vingine kwa tao refu lililojipinda mithili ya nusu ya pipa. Hapakuwa na desturi ya muda mrefu ya kazi hiyo katika pwani yetu. Hii ilikuwa elimu iliyokuwa ikijulikana katika nchi nyingine za Kiislamu, ikaletwa kwa njia ya bahari na kufanyiwa kazi kwa mawe ya Kilwa.

Fikiria ugumu wake. Tofali la udongo lina umbo, na wajenzi wa Uajemi waliweza kulipanga likashikana kwenye mpindo wa kuba. Kipande cha mwamba wa tumbawe hakina umbo. Kwa hiyo mafundi walihitaji kiunzi cha mbao chini, chenye umbo la kuba, wakapanga na kumimina juu yake mchanganyiko wa vipande na chokaa, jambo linalokaribiana na zege letu la leo, ila bila nondo. Baada ya hapo kilichohitajika ni subira. Ukiondoa kiunzi mapema, chokaa haijashika, kuba linapasuka au linashuka lote.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Boriti hukandamiza ukuta kwenda chini tu. Kuba na tao husukuma ukuta kwenda nje. Zege lisilo na nondo, na ukuta wa vipande na chokaa, vinavumilia sana kukandamizwa na havivumilii kuvutwa. Basi ni nini kinachozuia ukuta usilale? Ama uwe mnene kupita kiasi, ama uwe na jirani wa kuuegemea. Katika safu ya vyumba, kila chumba kinamzuia mwenzake, na wa mwisho ndiye mwenye shida. Mtu akiitazama ramani ya Chittick kwa jicho hilo, ule msongamano wa vyumba vilivyobanana hauonekani tena kuwa uchoyo wa nafasi.

Kwamba hatari hii ilikuwa ya kweli tunajua kutokana na Msikiti Mkuu wa Kilwa, mwendo wa kilomita moja na ushei kutoka kasrini. Ukumbi wa zamani wa msikiti huo ni mdogo. Sultani huyu huyu aliuongezea sehemu kubwa upande wa kusini, akaiinua juu ya nguzo za tumbawe zilizochongwa kila moja kipande kimoja. Kwa uchongaji, hizo zilikuwa kilele cha ufundi wa zama zake. Sehemu hiyo ikaanguka. Ilikuja kujengwa upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, na waliorudia kazi waliacha nguzo za kipande kimoja. Walijenga nguzo za pembe nane kwa vipande vidogo na chokaa, na ndizo zinazobeba kuba na matao anayoyaona mgeni leo. Kwa maoni yangu huu ndio ukurasa muhimu kuliko yote katika historia ya ufundi wa Kilwa: kizazi kimoja kilijaribu, jengo likaanguka, kizazi kingine kikasoma kifusi na kubadili mbinu. Lile kuba kubwa lililo pembeni mwa msikiti, la zama za al-Hasan, lilibaki kuwa kuba kubwa kuliko yote katika pwani hii mpaka karne ya 19. Walichokijua kiliwafikisha mbali.

Turudi kasrini, kwenye bwawa. Pembe nane ni umbo linalowatisha watu, lakini fundi mwenye kamba na vigingi vinne analipata bila hesabu. Piga mraba chini. Vuta kamba kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, uikunje nusu. Shika nusu hiyo, simama kwenye kila pembe ya mraba kwa zamu, na weka alama mahali kamba inapokata pande mbili zinazoanzia hapo. Utapata alama nane. Ziunganishe, una pembe nane zilizo sawa. Kwa mraba wa mita 4, nusu ya kamba ni mita 2.83, na kila upande wa umbo lako utakuwa mita 1.66. Fanya hivyo kwenye uwanja wa shule yoyote ya Temeke na watoto watalipata kabla kipindi hakijaisha. Kazi ngumu ilikuwa kuzuia maji yasivuje, na hapo yote yalitegemea lipu laini iliyosuguliwa sana, safu juu ya safu. Na bwawa hili liko juu ya jabali, siyo bondeni. Maji ya kulijaza yalipaswa kupandishwa kwa nguvu za watu.

Mahali penyewe pamechaguliwa kwa jicho la mtawala mfanyabiashara. Kasri liko mbali na mji, juu ya rasi inayotazama kaskazini, mlango wa bandari uko mbele yake. Jahazi lililokuja na kaskazi halikuweza kuingia bila kuonekana kutoka barazani. Upande wa kaskazini kuna makazi ya Sultani, bwawa, na ua wa baraza wenye ngazi pana zinazoweza kukaliwa na watu wengi. Upande wa kusini kuna ua mkubwa mno uliozungukwa na vyumba vinavyofanana, na Chittick aliviona kuwa maghala. Mpangilio huo unaeleza fedha zilitoka wapi. Kilwa ilikuwa imeshika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, na sarafu ya shaba yenye jina la Sultani huyu imepatikana hadi Zimbabwe Kuu, bara kabisa. Wako wataalamu wanaohusisha kusimama kwa ujenzi na kudorora kwa biashara hiyo katikati ya karne ya 14. Mimi nayaona maelezo hayo kuwa na uzito, kwa sababu jengo linalokula kuni na chokaa kiasi kile haliwezi kusubiri: mapato yakikatika msimu mmoja tu, tanuri zinazimika na mafundi wanatafuta kazi kwingine.

Kulifikia ni rahisi kuliko watu wa Dar es Salaam wanavyodhani. Mabasi ya Kilwa hupakia Mbagala Rangi Tatu, yanapita Mkuranga na Kibiti, yanavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, yanashika Somanga hadi Nangurukuru, na kukata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Ni takribani kilomita 300. Hapo Masoko unachukua kibali na mwongozaji, kisha boti hadi kisiwani. Wageni wengi huanza na Gereza, yaani ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, wakifika Husuni jua likiwa kali na wamechoka. Mimi hushauri kinyume chake: mwombe nahodha aanze na Husuni mapema, kwa ule mwanga wa pembeni niliousema, na aangalie maji, kwa kuwa yakikupwa sana boti haisogei karibu.

Ukiwa pale angalia pia matengenezo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta, kuzuia mawimbi na kupanda mikoko ufukweni. Kazi hiyo haina mwisho, kwa sababu mvua ya masika hurudi kila mwaka na mizizi ya miti huingia kila penye ufa. Kishawishi cha saruji ni kikubwa: mfuko unapatikana dukani na kazi inakauka kesho yake. Lakini ukuta wa chokaa hupumua. Maji yanayoingia ndani yake hutoka taratibu kupitia uso wake. Ukiupaka saruji umeyafungia maji ndani pamoja na chumvi ya bahari, na chumvi ikikauka huvunja tumbawe kutoka ndani, nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Fundi anayetengeneza Husuni Kubwa leo anahitaji chokaa iliyozimwa vizuri, vimo vifupi na siku za kungoja, yaani masharti yale yale ya mwaka 1320, na anayeidhinisha bajeti yake anapaswa kuzilipia siku hizo za kungoja kama anavyolipia mawe.